Katoni Iliyorudi Lotofaga

Fuatino wa Lotofaga alikuwa na ulimi mrefu na subira fupi, na kinywaji chake kilimfanana. Kilikuwa cha tangawizi, ndimu na sukari, na ndani alitia hamira kidogo kitoe povu na kumpiga mtu puani. Akakiita Manogi. Samoa nzima ilikuwa imejaa vinywaji hadi kooni: soda za New Zealand, juisi za Fiji, maji ya rangi ya kusikojulikana, na kila kimoja kina bango lake barabarani lenye msichana anayecheka bila sababu.

"Tangawizi ni dawa ya mafua," mama yake, Ailini, alimwambia. "Nani atainunua na hana mafua?"

"Subiri uone, mama."

"Nasubiri mpaka Jumapili Nyeupe. Watoto wakishaimba kanisani, na Aleki bado hajaweka chupa zako dukani kwake, unakwenda Auckland kwa dada yako Sefina ukapige deki maofisini. Nimeshaongea naye."

Fuatino alikwishakaa Auckland msimu mmoja wa baridi, na mpaka leo akiitaja hujikunyata. Hakutaka kurudi kule hata kwa dawa. Lakini Aleki, mwenye duka kubwa kule Apia, alikuwa amemjibu kwa kifupi: "Watu wakianza kukiulizia, nitakiweka. Wasipouliza, mimi sina rafu za kupambia."

Matangazo ya redio yalikuwa ghali. Fuatino akawaza, mpaka siku shangazi wa mchungaji alipofariki, ndipo wazo likamjia. Sisi hatuendi msibani mikono mitupu. Tunapeleka samaki wa kopo kwa katoni, nyama ya chumvi kwa ndoo na mikeka laini, na kila zawadi hutangazwa uwanjani kwa jina lake, kwa sauti ambayo hata marehemu ataisikia. Msemaji wetu, Mzee Mulitalo, akipaza sauti mbwa wa kijiji cha pili hubweka. Redio gani hiyo itamshinda?

Akafunga katoni ya Manogi kwa karatasi ya gundi, akachora juu yake kobe kwa rangi ya mtumbwi. Kobe akatoka kama shelisheli. Hata hivyo akaipeleka.

"Katoni moja ya Manogi!" Mulitalo alinguruma. Jina likamkaa vizuri mdomoni, akalirudia. "Manogi, enyi watu! Manogi!" Fuatino akainamisha kichwa kama mfiwa, kumbe anajiuma midomo asicheke.

Wiki iliyofuata mlango wake haukufungwa. Mwenye msiba alitaka, mwenye harusi alitaka, wanaozindua kanisa walitaka. Nani apeleke samaki watupu na jirani kapeleka Manogi? Fuatino akachapisha katoni za rangi, akaongeza sufuria, akaanza kutembea kifua mbele.

"Umeona, mama?"

"Naona katoni zinatoka," Ailini alisema. "Sijaona mtu akicheua."

Maneno yale yalimkera. Lililomkera zaidi ni kwamba dukani kwa Aleki hakuna hata mmoja aliyekiulizia.

Jumapili Nyeupe ikiwa inakaribia, kaka yake Ailini akafariki. Wakwe walivuka kutoka kisiwa cha Savai'i, na Aleki naye akaja, maana mkewe ni wa ukoo ule. Zawadi zikapangwa uwanjani juani. Fuatino akatupa jicho, akatupa tena. Katikati ya zile katoni kulikuwa na moja yenye kobe kama shelisheli.

Ilikuwa ile ile ya kwanza. Gundi yake haijabanduliwa. Ilikuwa imekwenda msibani, ikatoka kwenda harusini, ikavuka bahari, ikazindua kanisa, na sasa imerudi kumlilia mjomba. Hakuna aliyeifungua, kwa sababu katoni iliyofungwa ni zawadi, na iliyofunguliwa ni kinywaji tu. Nchi nzima ilikuwa inazungusha Manogi kama mikeka laini, ambayo hupeanwa miaka na hakuna anayeilalia. Hakuna hata mmoja aliyekionja!

Na hamira haikuwa imelala. Tumbo la katoni lilikuwa limevimba, na Aleki amekaa hatua chache tu kutoka pale.

"Mama," alinong'ona, "ile itapasuka."

"Nyamaza. Mzee anasema."

Msemaji hakatizwi, hilo hata watoto wanalijua. Fuatino akamtazama Aleki, akaiona ndege ya Auckland, akatamani ardhi immeze. Kisha akasimama.

"Mzee Mulitalo, usiiguse hiyo! Imechacha!"

Uwanja mzima ukageuka. Mulitalo, ambaye tangu azaliwe hajakatizwa, alivimba kuliko katoni. "Imechacha nini, binti Ailini?" Akaigonga kwa fimbo yake ya usemaji.

Lo! Ilipasuka kama mzinga. Povu likamwogesha mzee kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Mulitalo akalamba sharubu. Akalamba tena, taratibu.

"Hii ndiyo Manogi?"

"Ndiyo, mzee. Imezeeka kidogo."

"Mwaka mzima naitangaza," alisema kwa uchungu, "na hakuna aliyenipa hata tone!"

Mjane ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Waliobaki wakafuata, wakazifungua katoni mpya palepale, wakanywa mpaka wakwe wakaimba nyimbo zisizo za msiba. Aleki alikunywa mbili.

"Tamu," alimwambia Fuatino. "Lakini nikiiuza itarudi kuzunguka tu. Nitauza za kwanza tu, basi; siiweki."

Kuanzia kesho yake, kila katoni ya Fuatino ilitoka ikiwa imetobolewa ubavuni na chupa moja imetolewa, ili isizungushwe tena. Hakuna mwenye aibu atakayetoa zawadi yenye pengo. Wateja wakampotea. Sufuria ya pili ikawa ya kuogeshea nguruwe.

Siku mbili kabla ya Jumapili Nyeupe, Mulitalo akabisha hodi. "Nina harusi. Nipe katoni zilizofungwa."

"Zenye pengo tu, mzee."

"Unanifedhehesha, mtoto wewe!"

"Chupa iliyotoka ni yako. Kunywa hapa hapa."

Akanung'unika, akanywa. Harusini alisimama akanguruma: "Manogi, ina pengo! Pengo nimelijaza mimi mwenyewe, kwa tumbo langu hili!" Watu wakacheka, wakafungua, wakanywa. Jumatatu yake watu wakakiulizia dukani, na Aleki akatuma gari.

Lakini Jumatatu ilikuwa imepita Jumapili, na mama yake alikuwa mtu wa neno lake. Fuatino aliporudi kutoka kupakia gari, akamkuta Ailini amekalia sanduku kubwa, anahangaika na zipu.

"Mama, si umeliona gari la Aleki?"

"Nimeliona. Nisaidie kukalia."

Fuatino akakaa, machozi yanamlenga. Chini yao sanduku likalia kwa mlio wa vioo.

"Taratibu, utamvunjia Sefina chupa zake!" Ailini akafoka. "Binamu yako anasafiri kesho, atampelekea. Kule wote wana mafua. Na wewe inuka, tangawizi haijimenyi yenyewe."