Vema ya Ijumaa

Kila ukurasa wa shajara yangu unaanza na maji. Jumatatu, hayakutoka. Jumanne, hayakutoka, nimekwenda mtoni na mama. Ijumaa, yametoka kidogo, ndoo mbili. Baada ya hapo ndipo linafuata jambo lingine, kama lipo. Sikuanza kuandika hivyo kwa sababu ya akili. Nilikuwa kidato cha tatu, msichana wa kukaa dawati la nyuma na kujibu maswali moyoni, na ukweli ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kuandika. Wenzangu walikuwa na barua za wavulana. Mimi nilikuwa na ndoo.

Baba ndiye aliyekuwa anafungulia maji. Watu wanaona maji yanatoka bombani wanadhani yamejitokea yenyewe, kumbe kuna mtu anatembea na chuma kirefu chenye mpini kama herufi T, anainua mfuniko wa zege, anateremsha kile chuma shimoni na kuzungusha vali. Akizungusha huku, maji yanakuja mtaani kwetu. Akizungusha kule, yanakwenda upande wa chini, kwenye viwanja vipya. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsindikiza. Aliniacha nihesabu mizunguko kwa sauti, halafu ananiambia niweke sikio kwenye bomba.

"Umesikia? Yameondoka hayo. Yanakwenda kwa mama yako."

Tunatoka mbio kwenda kwenye bomba la mtaa kuona kama tutafika kabla ya maji. Hatukuwahi kuyashinda hata siku moja. Mama alikuwa anatucheka akiwa tayari ana ndoo imejaa.

Kisha mkoa mpya ukaja. Babati ikawa makao makuu, na kila mwenye kiwanja akaanza kujenga: nyumba za kupangisha watumishi, gesti, fremu za maduka. Ujenzi unataka matofali, na matofali yanataka maji. Kwetu ndoo ndiyo inapanga foleni, si mtu. Unaiacha bombani alfajiri, unakwenda shambani au shule, na hakuna anayethubutu kuisogeza. Yetu ilikuwa ya bluu, mama ameichora msalaba kwa rangi nyekundu ya kucha. Mwaka ule kuna wiki ndoo zilikaa pale siku nne bila kuondoka, mpaka kuku wa jirani akataga ndani ya moja. Watu walicheka siku hiyo. Siku ya tano hawakucheka.

Malalamiko yalipozidi, likaja agizo kutoka mkoani. Kila mtaa uweke ubao hadharani, uandikwe ratiba ya mgao wa maji, na kila siku ya maji ikipita iwekwe alama ya vema kama yametoka, au ya kosa kama hayakutoka. Mwananchi asome mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati yetu ya maji akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba.

"Binti yako ana mwandiko, mzee. Mpe chaki."

Baba alifurahi kuliko mimi. Yeye aliishia darasa la nne, na jina langu akiliandika herufi zinapanda mlima. Jioni ile alimwambia mama mara mbili, "Sasa mimi nafungua, mwanangu anaandika."

Ubao ulipigiliwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, na ng'ambo ya barabara kuna kijiwe cha mafundi baiskeli. Hao ndio walioniponza, au niseme niliponzwa na aibu yangu. Kila nikisimama pale na chaki, wanaanza.

"Mwalimu! Mambo?"

Naendelea kuandika.

"Mwalimu leo hana poa. Mwalimu, hiyo 'Jumanne' imepinda!"

Wiki mbili za kwanza nilikwenda kila siku ya maji, nikaweka alama nilivyoona. Vema, kosa, kosa, vema. Shingo inaniwaka moto mpaka nifike nyumbani. Halafu siku moja nilimkuta baba anavua mabuti mlangoni, nikamuuliza.

"Baba, leo hayakutoka. Niweke kosa?"

Alivua buti moja kwanza. "Weka vema."

"Lakini hayakutoka."

"Weka vema zote, mwanangu. Watu wa matofali wanataka maji wiki hii, mwenyekiti ndivyo alivyosema. Yatarudi tu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye shajara kama yalivyo, chini ya mstari wa maji. Na nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Sikusikitika. Nilipumua. Kama ni vema zote, basi sihitaji kwenda kila siku kuitwa mwalimu. Nilianza kwenda Jumapili asubuhi kabla ya ibada ya kwanza, mafundi wamelala, barabara tupu. Nafuta wiki iliyopita, naandika wiki mpya, Jumanne na Ijumaa, na papo hapo naziwekea vema zote mbili. Ilinichukua muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo.

Mwezi huohuo matofali yakaanza kufika nyumbani. Hayakuwa mazima. Yalikuwa vipande, nusu nusu, yaliyopasuka kwenye tanuri, baba anayaleta na toroli jioni na kuyapanga nyuma ya jiko. Nilikuwa nalala sebuleni na wadogo zangu, nasoma watu wakishaacha kuongea. Baba alipima kwa hatua zake pale nyuma, hatua nne kwa tatu, akaniita.

"Dirisha unataka wapi?"

Nikasema litazame mlima wa Kwaraa. Akachora mstari kwa kisigino.

Sikuuliza matofali yanatoka kwa nani. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Mama alikuwa anapitwa na Jumanne na Ijumaa zake, anakwenda mtoni, anarudi anashika kiuno, na yeye pia hakuuliza. Nilijua kwamba siku baba akigundulika atanyang'anywa kile chuma, na hakuna kazi nyingine aliyokuwa anaijua na kuipenda namna ile. Kwa hiyo kila Jumapili niliweka vema zangu kwa mkono mzuri zaidi.

Ilikuwa Alhamisi. Tulitoka shule mapema, nikakuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya mtaa. Afisa wa maji kutoka mkoani alikuwa amekuja bila taarifa. Mwenyekiti alikuwa anamwonyesha ubao kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Baba alikuwa amesimama pembeni na chuma chake, kofia mkononi.

"Kama unavyoona, mheshimiwa, mtaa huu hatuna shida. Kila kitu hadharani."

Afisa aliutazama ubao muda mrefu. Alikuwa mtu wa sauti ndogo.

"Mwandiko mzuri sana," akasema. "Leo ni siku gani, ndugu zangu?"

"Alhamisi!" watu wakajibu.

"Na hii vema ya Ijumaa, nani ameyaona hayo maji?"

Halafu fundi baiskeli mmoja akapiga kelele toka ng'ambo, "Maji yetu yana haraka, mheshimiwa! Ya kesho yameshatoka!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma ya kina mama na mkoba wangu, natamani ardhi inimeze. Nilitegemea baba aseme lolote, na akasema.

"Mtoto amekosea. Anaandika Jumapili, amejisahau."

Lilikuwa tundu zuri la kutokea, na wote tungepita hapo. Afisa alikwishaanza kuandika kwenye daftari lake. Ndipo bibi jirani yetu, aliyeshuka kutoka Mbulu na mwanawe na Kiswahili chake bado cha huko, akanyanyua fimbo.

"Ijumaa kakosea, sawa. Na Jumanne? Mimi ndoo yangu iko pale toka juzi, kavu. Ubao ndio nakunywa maji?"

"Bibi, ngoja utaratibu," mwenyekiti akasema.

"Nangoja toka kupanda mahindi. Mwite mwandishi. Yupo hapa, namwona."

Wakanisukuma mbele taratibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayesogezwa kwenye sakramenti. Nikamwamkia afisa. Akasema marahaba, akaniuliza kama Jumanne maji yalitoka.

Kichwani mwangu nilisema ndiyo. Mdomo ukasema, "Hayakutoka."

"Una uhakika? Maana umeweka vema."

"Nimeandika."

"Umeandika wapi?"

Sijui kwa nini niliitoa shajara yangu. Labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu mkubwa kuniuliza nimeandika nini na kungoja jibu. Nilitoa kauntabuku kwenye mkoba, na kwa kuwa mwandiko wangu wa ndani ni mdogo, afisa akasema nisome mwenyewe, mistari ya maji tu. Nikasoma. Jumanne, hayakutoka. Ijumaa, hayakutoka. Jumanne, hayakutoka. Kina mama wakaanza kuitikia baada ya kila mstari, "Kweli," "Kweli kabisa," na sauti yangu ikapata nguvu ambayo sikuwahi kuwa nayo darasani. Aibu ilinitoka. Nilikuwa nafungua kurasa nikirudi nyuma, wiki baada ya wiki, najisikia mtu.

Hapo nikafika kwenye ukurasa wa mabuti.

Niliona maneno kabla sijayasoma. Nikataka kufunua kurasa mbili pamoja, lakini vidole vilikuwa na jasho na karatasi zikagoma.

"Endelea, mama," bibi akaniambia. "Soma."

Nilimtazama baba. Naye alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Nadhani aliujua ukurasa ule bila kuuona. Alitazama chini kwenye kofia yake, kisha akainua kichwa.

"Soma tu, mwanangu."

Nikasoma. Weka vema zote, mwanangu. Watu wa matofali wanataka maji wiki hii, mwenyekiti ndivyo alivyosema. Yatarudi tu. Hakuna aliyeitikia.

Mwenyekiti alicheka. "Mheshimiwa, watoto wa siku hizi wanatunga hadithi. Mimi nimesema nini na mtoto?"

Afisa akamgeukia baba. "Mzee, ni kweli uliambiwa?"

Baba angeweza kumtaja. Watu wote walikuwa wanangoja amtaje. Mpaka leo sijui kama ni yale matofali nyuma ya jiko yaliyomziba mdomo, au ni kuona aibu kumtupia mwingine kosa lake.

"Vali nafungua mimi," alisema. "Mkono ni wangu."

Akakilaza kile chuma chini mbele ya afisa, taratibu, kama anavyokilaza nyumbani ili kisiamshe watoto.

Mwenyekiti alibaki mwenyekiti. Mkutano uliofuata alitoa hotuba kuhusu uwazi, akasema kamati imehuzunishwa na mtu mmoja asiye mwaminifu, na watu wakapiga makofi, wachache. Chuma wakapewa wengine. Maji yakaanza kutoka Jumanne na Ijumaa, si siku zote, lakini yakatoka, na kina mama walinishukuru njiani. Mmoja alinipa mahindi mabichi. Niliyapokea kwa mikono miwili nikayatupa kabla ya kufika nyumbani.

Baba hakunigombeza. Ingekuwa rahisi. Aliamka alfajiri ileile, akavaa mabuti yaleyale, akakaa kizingitini. Wakati mwingine aliweka kiganja juu ya bomba linalopita uani na kusikiliza. Hakuniuliza tena ninachoandika, na nikiingia na shajara mkononi anapunguza sauti yake anapoongea na mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba yangu ananiogopa kidogo.

Mwezi uliofuata nilirudi kutoka shule nikakuta nyuma ya jiko pameachwa wazi. Baba alikuwa ameyapakia matofali yote kwenye toroli, safari baada ya safari, akayapeleka bombani. Pale palikuwa na tope daima, kina mama wakiteleza na ndoo kichwani. Aliyapanga chini, nusu kwa nusu, akajaza mchanga katikati. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemwambia asante. Eneo lenyewe ni kama hatua nne kwa tatu.

Kamati iliniomba niendelee na ubao. Nakwenda kila siku ya maji sasa, na sigusi chaki mpaka nione. Mafundi hawaniiti tena mwalimu. Wananyamaza nikipita, na ningependa waniite.

Jumanne iliyopita nilimkuta baba kwenye foleni, amesimama mwenyewe kando ya ndoo ya bluu, ingawa ndoo ingetosha. Alinisogelea.

"Umeshaweka?"

"Bado, baba. Hayajatoka."

Alitikisa kichwa kukubali. Akainama, akaweka kiganja kwenye bomba, akasikiliza. Nilisimama karibu yake juu ya matofali, chaki mkononi, na sikumuuliza anasikia nini.