Baiskeli iliyochaguliwa kama ng'ombe wa mnadani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ipogolo, pembezoni mwa mji wa Iringa, bado imejifunika ukungu. Sayi Shigela anaitoa baiskeli yake chumbani, maana hailali nje hata siku moja. Anabonyeza matairi kwa kidole gumba, anainua gurudumu la nyuma na kulizungusha, macho yamelikodolea kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi akosee. Halikosei. Anavuta kofia yake ya sufu hadi masikioni na kuingia barabara kuu iendayo Mbeya.

Mbele yake kuna kilomita kumi na moja za lami zenye vilima vinne vya kukata pumzi, kisha moja ya vumbi. Malori yanampita yakinguruma. Yeye anashika pembeni, kichwa kimeinama, miguu inazunguka taratibu bila papara.

Saa kumi na mbili na nusu anatakiwa awe kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, karibu na njia ya kwenda Tosamaganga. Yeye ndiye mpimaji. Bila yeye, hakuna mfugaji anayemimina hata lita moja kwenye tangi la kupoozea.

"Maziwa hayana subira," anasema. "Ukichelewa unamkuta mtu amesimama na ndoo zake, mali yake inaharibika huku anakuangalia usoni."

Anasema hivyo kwa sababu jambo hilo limewahi kumtokea, na bado linamuuma.

Sayi, mwanamke wa miaka 29, alizaliwa Ubaruku, katika bonde la Usangu. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakafuga na kulima mpunga. Usangu ni tambarare, na baiskeli ya huko hupimwa kwa gunia: ikibeba gunia la mpunga bila kulalamika, hiyo ndiyo baiskeli.

Mwaka jana alipopata kazi Iringa, alipewa miezi mitatu ya majaribio kwa mshahara wa Sh260,000. Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa Sh6,000 kwa siku, yaani zaidi ya nusu ya mshahara ingeishia barabarani. Magari ya abiria nayo yalikuwa yanapita akiwa ameshachelewa. Akaenda dukani kununua baiskeli kwa akili ya Ubaruku. Alizinyanyua moja moja, akaichukua iliyokuwa nzito kuliko zote.

"Nilijua nimewapata wenye duka," anasema akicheka. "Kumbe nimenunua mzigo."

Kilima cha kwanza alikipanda akisukuma, cha pili hivyohivyo. Ndani ya wiki tano alichelewa mara mbili. Mara ya pili, lita arobaini za mfugaji aitwaye Eliezeri zilikuwa zimeanza kuchacha, na kwa mujibu wa kipimo ilibidi azikatae. Mzee huyo hakugomba. Alifunika ndoo zake, akaaga, akaondoka.

"Afadhali angenitukana," anasema Sayi. "Yale yalikuwa makosa yangu, na nikamkatalia yeye."

Msimamizi wa kituo, Ambrosi Kalinga, alimpa barua ya onyo. Ikitokea mara ya tatu kabla ya majaribio kwisha, hakutakuwa na mkataba. Sayi aliiuza ile baiskeli wiki hiyohiyo, akaongeza akiba yake yote, ikapatikana Sh210,000. Nafasi ya kukosea tena haikuwepo.

Jumapili iliyofuata alikwenda Mbeya kumwona dada yake, Catherine, aliyejifungua. Mchana akapita soko la Mwanjelwa mjini humo, kwa muuza baiskeli za mtumba aitwaye Isakwisa. Zilikuwa zimepangwa ukutani, kadhaa zikiwa za mbio, zenye matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Sayi hakuwahi kupanda baiskeli ya namna ile. Alichojua yeye ni ng'ombe.

Baba yake, mzee Shigela, hakuwahi kumpeleka binti mnadani kununua. Aliyeshikishwa kamba ni kaka yao, Gideon. Lakini Sayi alikuwa akitembea nyuma yao na kapu la chakula, na macho hayana kodi. Aliona jinsi mzee alivyopuuza manyoya yanayong'aa. Alijua kwamba siku ya mnada baadhi ya wachuuzi humlambisha ng'ombe chumvi, anywe maji mpaka tumbo lijae, aonekane mnene. Kwa hiyo mzee alianza na miguu. Alimzunguka ng'ombe kwa nyuma, akaomba atembezwe mlimani, na kabla ya kutaja bei aliuliza huyu anauzwa kwa nini.

Sayi akaanza na swali hilohilo kwa baiskeli ya kwanza. Isakwisa alimtazama asimwelewe. Alipomwona anazungusha kila gurudumu, anakaza breki ya mbele na kusukuma asikie kama kuna kinachocheza, kisha anachungulia matairi kama yana nyufa, uvumilivu ulianza kumwishia.

"Dada, unanunua baiskeli au unachagua mchumba?"

Sayi alimjibu kwamba mchumba angechukua muda mfupi zaidi.

Moja ilimteka. Ilikuwa ya buluu, inang'aa, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja, na bei ilikuwa Sh200,000. Safari hii alikuwa ameapa kununua nyepesi. Alishaingiza mkono kwenye pochi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sayi aliinama, akatazama chini, pale mabomba ya fremu yanapokutana karibu na pedali.

Rangi ya pale ilikuwa mpya kuliko ya juu. Akaikwaruza kwa ukucha na kuhisi uvimbe wa kuchomelea. Fremu iliwahi kukatika.

Isakwisa aliirudisha baiskeli ukutani. "Nilijua," akasema. "Sikujua kama wewe utajua."

Sayi anakiri kwamba alikasirika, akataka kuondoka. Kilichomzuia ni kwamba yule bwana hakuendelea kumdanganya. Alimuuliza anaishi wapi, anapita njia gani, anabeba nini. Halafu akaingia ndani na kutoka na ya kijivu, imechunika rangi, siti imepasuka, ya kimo chake hasa.

Alimweleza kwamba fremu ile ni ya chuma na haijawahi kuguswa na moto. Gia zake za nyuma zina meno mengi ya kupandia vilima, na vipuri vyake vinapatikana hata Iringa. Ina nafasi ya kuweka matairi mapana kidogo, kwa ajili ya ile kilomita ya vumbi. Magurudumu nayo yanatoka kwa kufungua kishikio kwa mkono, bila spana.

Sayi aliacha pochi yake mezani kama dhamana, akaipeleka baiskeli kwenye mwinuko wa karibu. Alipanda mpaka juu akiwa amekaa. Aliporudi hakutabasamu, maana mzee Shigela hatabasamu mbele ya muuzaji. Wakakubaliana Sh165,000, na kiasi kilichobaki kikaenda kwenye matairi na raba za breki. Isakwisa alimtupia mpira wa ndani wa akiba bila malipo. Sayi hakuuliza kama ni wema au ni aibu ya ile ya buluu.

Wiki sita zilizofuata hakuchelewa hata siku moja. Kisha ikaja Alhamisi ya mwisho ya majaribio, mvua inanyesha, na kwenye kilima cha tatu tairi la nyuma likaishiwa upepo ghafla.

Alishuka pembeni. Akilini, anasema, aliiona ile barua, akamwona Eliezeri na ndoo zake. Kisha akafungua kile kishikio, gurudumu likatoka. Mpira wa akiba ukaingia, akajaza upepo kwa pampu ya mkono, akaendelea.

Alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita, amejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Kalinga alikuwa mlangoni, saa iko mkononi.

"Nawa mikono," alimwambia. "Wafugaji wanakuja."

Wa kwanza kufika alikuwa Eliezeri. Maziwa yake yalikuwa mazima. Kesho yake Sayi alitia sahihi mkataba wa miaka miwili.

Sasa ana mpango mwingine. Kutokana na nauli anayookoa, anaweka akiba ya kununua mtamba, yaani ng'ombe jike wa maziwa ambaye hajazaa, na ameshapata mtu jirani na kituo atakayempa banda na kugawana naye maziwa. Mtamba huyo amepanga kumchagua mwenyewe, na kamba ataishika yeye.

Alipoulizwa nani atayapima maziwa hayo yatakapofika kituoni, alishangaa swali lenyewe.

"Nitayapima mimi. Na yakiwa mabaya nitayakataa, niondoke nayo kama Mzee Eliezeri alivyoondoka na yake."