Kasamaki na Kamba

Wale tuliosoma nao darasa la tano wameniandikia kwenye simu. Mwalimu wetu wa sayansi anastaafu, wanamfanyia sherehe hapa Kitengela, na kila mmoja ametakiwa atume kumbukumbu moja nzuri. Nimekaa na ujumbe huo wiki nzima, ndugu yangu. Kumbukumbu ninayo. Si nzuri.

Miaka hiyo ya tisini ungetoka darasani ukaona nyumbu wakila nyasi nyuma ya choo cha shule. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikushika viatu mpaka ukavivua. Mimi nililelewa na nyanya. Alitupikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa kuni, na jirani yetu, mama Mmaasai, alituletea maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Mama mzazi alikuwa kazini Pwani, mahali wanasomea wanyama wa baharini. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo vya matangi. Alikuja mara tatu kwa mwaka, na akija hata sikuangalia amebeba nini. Nilitaka aniambie habari za samaki.

Alikuwa akiniambia huku anachagua maharagwe. "Kuna kamoja kadogo, kama kidole changu hivi. Hakaogelei ovyo kama wengine. Kanakaa chini kwa mchanga, kanajiegemeza na mapezi. Na kako na rafiki, anaitwa kamba, mdudu wa bahari wa miguu mingi. Wanaishi shimo moja."

Kamba ndiye aliyechimba, akisukuma mchanga nje kutwa nzima kama tingatinga. Lakini hakuona vizuri. Kwa hivyo kasamaki kalikaa mlangoni kakilinda, na kamba kila akitoka aliweka sharubu yake moja kwenye mkia wa mwenzake. Hatari ikija, mkia unatikisika, kamba anarudi ndani mbio. Ikizidi, wote wawili wanaingia. "Nimeona na macho yangu," mama alisema. "Nilisimama na kitambaa mkononi nikasahau kazi."

Basi siku moja mwalimu akauliza wanyama gani wanasaidiana. Alitaka tuseme yule ndege anayekula kupe mgongoni mwa ng'ombe, jambo ambalo kila mtoto wa huku kwetu Kajiado analijua. Mimi nikainua mkono nikasema samaki na kamba.

"Kamba?" mwalimu akauliza. "Kamba ya kufunga mbuzi ndiyo inachimba shimo?"

Darasa zima likacheka. Kwetu bara nani alimjua kamba mwingine? Nilipoeleza kwamba mama amemwona, nilichapwa viboko vinne kwa uongo, nikaambiwa nimlete huyo mama.

Bahati mbaya alikuwa likizoni. Kesho yake alikuja na rinda lake la kanisa, viatu amevibeba kwa karatasi ya plastiki, akavivaa kwenye geti. Mwalimu hakumpeleka ofisini. Alimsimamisha mbele yetu aeleze. Na mama akaeleza, kwa Kiswahili chake cha Ukambani, mkono mmoja ukiwa samaki na mwingine kamba, kidole kikigusa kile kingine. Alieleza vizuri kabisa. Mwalimu alimsikiliza amekunja mikono.

"Mama, wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita, mwalimu."

"Hawa wako la tano. Tafadhali usiwaharibu."

Walicheka. Na mimi nilicheka, ili nisiwe peke yangu. Mama aliniona. Akashusha mikono, akasema, "Samahani, mwalimu," akaondoka.

Jioni hiyo nilimwomba aniambie ya samaki wengine. Akasema, "Soma vitabu vya mwalimu." Likizo zilizofuata alisema hivyo hivyo, nami nikaacha kuuliza.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa chuoni, niliwapata wote wawili kwenye kitabu cha maktaba: shimo, sharubu, mkia. Nilikifunga kile kitabu kwa nguvu mpaka mlinzi akanitazama. Mwalimu yule angesema tu, "Sijui, nitatafuta." Maneno mawili. Badala yake alimfundisha mama yangu mbele ya watoto arobaini kwamba macho yake si kitu, na sasa tumtengenezee keki.

Siku hizi watu wa hapa wanalilia nyumbu, na ni kweli, kule walikopita kumejaa ploti na seng'enge. Mimi ninalilia kingine. Mama alikaa mbele ya vile vioo miaka mingi, na hayo mengine aliyoyaona hayako kwenye kitabu chochote cha kwetu.

Wiki ile niliyokipata kile kitabu chuoni, nilipanda gari mpaka nyumbani. Alikuwa ameshaacha kazi, ananyunyizia sukuma wiki maji. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa sawa. Imeandikwa." Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba msamaha kwa kucheka. Akasema nilikuwa mtoto. Nikamwomba basi aniambie mengine, yoyote, yale aliyoyaona huko.

Akainua ndoo.

"Mimi nilikuwa naosha vioo tu," akasema.