Chai ya Kwanza Haichaguliwi Dukani

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nimeketi sebuleni kwa watu, huko Dagoretti, gauni limepigwa pasi likanyooka, nikawekewa kikombe cha chai kinachofuka mvuke, nami nikatabasamu nikasema, "Asante, cucu, mimi sinywi chai." Haki, ningesema nimekuja kuwaibia ng'ombe ningesamehewa upesi zaidi.

Cucu ndiye nyanya aliyemlea baba yako. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu baba yako alikuwa ananichumbia, nami nilikuwa karani katika ofisi moja Kilimani, najiona mtu wa mjini kabisa. Usicheke. Kwetu mama alitulea kwa uji, asubuhi uji, jioni uji. Chai, alisema, inalegeza mifupa ya mtoto. Nikawa mtu mzima, na mshahara wangu, sijawahi kuonja hata funda moja. Lakini cucu angejuaje? Kwake mgeni haulizwi kama atakunywa. Anaketi, anamiminiwa, basi. Alikitazama kile kikombe, akakirudisha jikoni mwenyewe, polepole, na hakuniongelesha tena mpaka tukaaga.

Baada ya siku chache baba yako akaja kwangu uso umemshuka. "Cucu anasema unatudharau," akaniambia. "Anasema asiyekunywa chai yetu hawezi kukaa kwetu."

Na neno la cucu katika ule ukoo lilikuwa neno. Yeye asipokubali, hakuna mzee ambaye angeinuka kwenda kwetu kuniposa. Nililia, sitakuficha. Kisha nikapangusa uso nikasema, kama ni chai tu, nitajifunza. Tulikuwa tumealikwa tena Jumapili ya mwisho wa mwezi, na penye nia pana njia, au sivyo?

Nikashuka tao, katikati ya mji, nikaingia kwa mama mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la viungo na majani ya chai. Duka lilinukia iliki mpaka nje barabarani. Akanitazama ninavyoshika paketi hii na kurudisha ile.

"Dada, unataka ya kunywa ama ya kupamba kabati?"

"Ya kunywa, mama. Ndio naanza."

"Basi anza na moja, ile ya kawaida."

Moja? Tena ya kawaida? Mimi wa Kilimani? Nikatoka na mfuko umejaa: majani ya kijani, chai ya limau, chai nyekundu ya maua, na kopo moja zuri lenye rangi ya dhahabu ambalo hata leo sijui ndani mlikuwa na nini.

Sasa sikiliza kituko. Mimi chai niliyokuwa nimeiona ikipikwa maisha yangu yote ni ya maziwa: maji, maziwa, majani, sukari, yote sufuriani, ichemke mpaka itake kumwagika. Basi nikapika hivyo hivyo. Majani ya kijani nikayachemsha na maziwa kama sukuma wiki, yakatoka rangi ya maji ya kufulia. Ya limau, maziwa yakakatika, mabonge yakaelea juu. Ile nyekundu ya maua, wacha tu! Jirani yangu alipiga hodi akauliza kama kuna mtu anapika dawa. Nikanywa, mwanangu. Nikafunga macho nikanywa, maana nilimpenda baba yako. Tumbo likanikatakata, na chai nikaichukia kabisa.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimejipangia hila: nitabeba lile kopo la dhahabu, nimwambie cucu kwamba mimi hunywa hii peke yake, kwa sababu ya tumbo. Nikamkabidhi. Akalifungua, akanusa, akanusa tena.

"Hii ni ya kunywa ama ya kuoga?"

Baba yako akaangalia dari. Mimi nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, lakini nikamwona yule mama mzee amevaa kitambaa chake kizuri cha kanisani kwa ajili yangu, na mezani vikombe vya wageni vimeshatolewa, na changu kimo. Amenihesabu tena! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikasema yote.

"Cucu, mimi sijui kunywa chai. Sijawahi. Mama yangu alitulea kwa uji."

"Tangu uzaliwe?"

"Tangu nizaliwe."

Akaliweka kopo mezani. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Na mimi siku ile nilidhani ni mimi umenikataa."

Hilo neno lilinichoma. Niliinuka nikamshika mikono. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akajipiga mapaja, akamwita jirani wa ng'ambo ya ua, "Wewe! Njoo uone! Ngai, Mungu wangu, leo nabatiza mtu mzima!"

Akanivuta jikoni. Akaweka maziwa mengi ya ng'ombe wake, maji kidogo, na majani ambayo ungeweza kuyahesabu. Kipande cha tangawizi, sukari, basi. "Hii ni ya mtoto ameachishwa ziwa juzi," akasema. Akaimimina kutoka kikombe hadi kikombe mpaka ikatoa povu, akaonja yeye kwanza, ndipo akanipa. Wote wakanitumbulia macho, baba yako amekunja ngumi utadhani anatazama penalti.

Nikanywa funda. Ilikuwa tamu, ina joto, na kwa mbali kuna kitu kikali kidogo kinachoamsha ulimi. Nikanywa funda la pili bila kuambiwa. Jirani akapiga vigelegele! Furaha niliyoipata pale, kwa kikombe kimoja, sijui nikupimie na nini.

Tangu hapo kila nikienda cucu aliongeza majani kidogo, haba na haba, mpaka siku moja nikanywa chai nyeusi ya rangi kama viatu vya askari na nikaomba nyingine. Na siku ya harusi, walipompa nafasi aseme neno, alisema hivi tu: "Wajukuu wengine walizaliwa kwangu. Huyu nilimnywesha mwenyewe."

Ndiyo maana jana, nilipokuona umesimama mbele ya rafu za chai kule supermaketi, unashika hii unaacha ile kwa kuwa wenzako chuoni wanakucheka huijui chai, maana nawe nilikulea kwa uji kama mama yangu, nilikushika mkono tukatoka. Usinunue rafu nzima. Anza na moja ya kawaida, nyepesi, yenye maziwa tele, na majani uyaongeze kadiri ulimi unavyozoea. Ile ya kijani haitaki maziwa wala kuchemshwa, mimi nimeshakujaribia. Lakini kubwa zaidi ni hili: kama hujui, sema hujui, na useme mapema. Kuuliza si ujinga. Anayekumiminia hajui ya moyoni mwako. Ukikataa kikombe bila kueleza, atadhani umemkataa yeye.

Mungu akujalie nyumba ambazo utapokewa kwa mikono miwili, na vikombe visivyokauka, na mtu wa kukuonjea kwanza kabla hujaungua. Mimi nilimpata wangu. Haya, simama ulete sufuria. Ile ya cucu, iliyopindika mdomo. Leo ni zamu yangu kubatiza.