Ukurasa wa Kuzima Uko Nyuma ya Kabati

Nyumbani kwetu Malangali, mama alibandika ukutani kurasa za magazeti ya kompyuta yaliyotupwa parokiani, ili kuziba nyufa za baridi. Kompyuta yenyewe hatukuwahi kuiona. Nilijifunzia kompyuta pale ukutani, shingo imepinda, maana ukurasa unaofundisha kuwasha aliubandika kichwa chini. Ukurasa wa kuzima ulifunikwa na kabati la vyombo.

Nilipopata kazi ofisini Mazwi, niliiwasha kompyuta yao, ile ya zamani ya skrini nyeusi, mbele ya watu, kama fundi. Jioni bosi akasema nizime tufunge. Nikaazima baiskeli, nikakimbilia nyumbani kusogeza kabati.

Nilipomweleza, mama akanizuia mlangoni. "Vikombe vya wageni vimo humo. Hiyo mashine iache ikeshe."

Ikakesha. Mpaka leo nikizima kompyuta, naangalia kwanza kama mama yupo mlangoni.