Nilikata khanga ya marehemu mama nimshonee dada blanketi la viraka, bibi akalishona kama mkeka

Wakuu, salamu kwenu nyote mliomo humu.

Mimi ni msomaji wa nyuzi zenu wa muda mrefu. Huwa napita kimya kimya, nacheka, naondoka. Leo nimeona na mimi nitoe langu.

Shule niliishia form two, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Ila kisa ni cha kweli, kimetokea nyumbani kwetu, na kama kina chumvi basi chumvi hiyo ni ya bibi.

Mimi ni kijana wa kiume, nashona nguo hapa Kongowe ya Kibaha (siyo ile ya Dar, msije mkanitafuta kule). Nipo chini ya fundi mmoja tunamwita Fundi Shabani. Nina ndoto zangu nyingi tu, siku moja nguo zangu zitakuwa na lebo. Kwa sasa nakunja suruali za watu.

Dada yangu anaitwa Zuhura. Ni muuguzi. Mama alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, na Zuhura ndiye aliyenilea pamoja na bibi mzaa mama, ambaye yuko Kibuta, Kisarawe.

Sasa siku nguo za marehemu zilipogawiwa, mimi na Zuhura tulipewa doti moja ya khanga. Mnajua doti ni khanga mbili zilizo pacha. Yeye akachukua moja, mimi moja. Rangi ya damu ya mzee, pindo jeusi, katikati korosho nyeupe.

Jina la khanga sitaliandika hapa. Mama alikuwa na maneno yake na jirani, yaishie hukohuko.

Khanga ya Zuhura haipo tena. Alipokuwa mafunzoni, alikuja mama mmoja kujifungua mikono mitupu, hana hata khanga ya kumpokelea mtoto. Zuhura akatoa yake kwenye mkoba. Mtoto akafungwa humo, wakaondoka nayo, basi.

Nilimuuliza, kwa nini hukuidai? Akasema, "Ningeidaije, wakati mtoto amelala?"

Tangu hapo nikawa najaribu kumpa yangu. Hataki. "Mimi yangu nilishaitoa. Hiyo ni yako, na ole wako uiharibu."

Mwaka huu ajira yake ikatoka. Kapangiwa Makete, kule Njombe kwenye baridi.

Wakuu, sisi watu wa Pwani. Mvua ikinyesha asubuhi tunavaa sweta. Mwenzake mmoja akamwambia kule maji ya kunawa yanauma vidole. Zuhura akacheka, lakini nilimjua, kile hakikuwa kicheko. Hajawahi kuishi nje ya Pwani, mbali na bibi, zaidi ya kipindi cha masomo.

Hapo ndipo wazo likanijia. Nimshonee blanketi la viraka, lenye nguo ya kila mtu wa kwetu. Na ndani yake niweke khanga ya mama. Akishaikuta imeshonwa atairudishaje?

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "mkuu si ungenunua tu blanketi dukani." Subiri kidogo.

Nikaingia YouTube, bando likaisha naangalia wazungu wanashona. Wao wanakata vipande vya mraba, wanapanga kama vigae, wanaunga. Nikaona hapa naweza. Nikaanza kukusanya mabaki ya vitambaa pale kwa fundi.

Fundi Shabani akanitazama. "Wewe, unashona pazia la banda la kuku?"

"Blanketi la sista, fundi. Anaenda Makete."

Akarudi kwenye cherehani yake. Kesho yake nikakuta ameniwekea mfuko wa vitenge vizuri vizuri, na juu yake ujumbe wa mdomo kupitia kwa mkewe kwamba nisimshukuru, atakasirika.

Wiki iliyobaki kabla Zuhura hajaja kumuaga bibi, nikaomba ruhusa, nikaenda Kibuta na mfuko wangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeniletea nini, au umeniletea njaa?"

(Bibi yangu ndivyo anavyoniita, na mke wangu wa kweli akipatikana ajiandae, kuna mke mkubwa.)

Nikamweleza mpango wote. Nikatoa khanga ya mama, nikaiweka mapajani pake. Nikamuuliza swali nililokuja nalo. Bibi, ni sawa niikate?

Aliishika muda. Akaipitisha kwenye shavu. Kisha akasema, "Mwanangu aliivaa shambani, akaivaa msibani, akakubebea wewe mgongoni ukaikojolea. Leo ndiyo unaiogopa?"

Nikacheka huku macho yanauma.

Nikamwonyesha video, miraba na nini. Akaangalia mpaka mwisho kwa heshima zote. Akauliza, "Hawa hawana mikeka?"

Wakuu, bibi na mama mdogo Salma, ambaye nyumba yake iko ubavuni mwa ya bibi, wamesuka ukili maisha yao yote. Kwa asiyejua, ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwa miyaa, ambao baadaye unashonwa kuwa mkeka. Mama mdogo akasema yeye mambo ya vigae hayawezi, pembe zitamshinda. Tukate mikanda, tuunge mmoja mrefu, tushone kama tunavyojua.

Nikasema haya. Kwa kweli nilitaka kuona tu itakuwaje.

Nikakata kila kitu upana wa vidole vinne. Khanga ya mama niliipima mara mbili, ila ukishapitisha mkasi mara ya kwanza inakuwa kitambaa kama vitambaa vingine. Sehemu yenye jina niliikata nzima, nikaiweka mwanzo kabisa wa mkanda.

Halafu nikapanga kwa zamu ili mtu asilalamike. Mama, bibi, mama mdogo, kanzu ya babu, shati langu la shule, vitenge vya Fundi Shabani, kisha tunarudi kwa mama. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Mkanda ukawa mrefu, tukauviringisha kama gurudumu.

Ndani bibi alitaka tujaze sufi. Ana msufi nyuma ya nyumba. Tulijaribu kidogo, upepo ukapita, kuku wote wakawa wazee wenye mvi, mama mdogo akapiga chafya hadi jirani akaja kumpa pole. Tukaamua ndani tuweke blanketi kuukuu la babu. Hili la sufi tuliache hapo.

Kazi ikaanza. Bibi akachukua mwanzo wa mkanda, akapima kwa kitanda, akaukunja, akaanza kuunga ukingo kwa ukingo kwa mkono. Akimaliza raundi hakati. Anaendelea. Mkanda unazunguka, unapanda juu, unazunguka. Mama mdogo upande ule, mimi upande huu, bibi anakosoa.

"Mume wangu, mishono yako mipana, samaki atapita."

Siku ya pili ndiyo nikashtuka. Nikainua kile kitu. Wakuu, halikuwa blanketi. Lilikuwa bomba! Gunia kubwa lisilo na kitako. Mtu anaweza kuingia huku akatokea kule.

"Bibi, tumefunga. Hili analalaje? Anavaa kama soksi?"

Walicheka hadi mama mdogo akashikilia ukuta.

Bibi akasema, "Mikeka yote uliyolalia humu ndani, hujawahi kuona hata mmoja unazaliwa?"

Na ni kweli, sijawahi. Nimelalia mikeka tangu utoto, nimekula wali juu yake, sijawahi kuuliza unakuwaje. Kumbe mkeka unashonwa hivyo hivyo kwa kuzungusha, unakuwa bomba, halafu siku ya mwisho unapasuliwa kwa mkasi toka juu mpaka chini, unafunguka, unapindwa kingo.

Unapasuliwa. Yaani mkasi upite kwenye kila raundi.

Mimi roho ikashuka. Khanga ya mama nilishaikata mara moja, sasa ikatwe tena? Na mkasi ukienda kombo hakuna nyingine. Doti ndiyo imeisha hivyo.

Usiku huo nililala vibaya. Na kesho yake, kabla hatujapasua, Zuhura akaingia.

Tulimtegemea Ijumaa. Kaja Alhamisi. "Hodi" amesema akiwa ameshaingia.

Akatukuta watatu tumekaa na bomba letu mapajani. Akalitazama, anatabasamu, anataka kuuliza ni nini. Kisha akaona zile korosho nyeupe.

"Umeikata."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumwambia siku ya kumkabidhi, yote yakapotea.

"Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini?"

Akakaa chini, akageukia ukutani. Zuhura halii kwa sauti, mabega ndiyo yanasema.

Bibi hakumbembeleza. Alimwacha, akamaliza uzi wake, akaukata kwa meno. Kisha akachukua mkasi, akamwekea mbele.

"Pasua."

"Bibi mimi siwezi."

"Mkeka wa mtu anapasua atakayeulalia. Ndivyo ilivyo."

Hadi leo sijui kama hiyo ni desturi kweli au bibi aliitunga palepale. Nilimuuliza mama mdogo, akasema, "Mimi nimeisikia siku hiyo."

Zuhura akafuta uso. Akaushika mkasi. Mimi nikashika juu, mama mdogo akashika chini, tukalinyoosha. Akaanza kukata. Polepole, kama anakata bandeji kwenye kidonda cha mtu. Nilikuwa nasikia kila uzi.

Lilipofunguka tukalitandaza uani juu ya mkeka.

Wakuu, hiki ndicho kilichosababisha huu uzi.

Mimi nilipanga zile nguo kwa zamu tu, sikupanga picha yoyote. Lakini tulipolitandaza, vipande vya mama vilikuwa vimejipanga vyenyewe. Kila raundi kimesogea kidogo mbele ya kile cha chini yake, kidogo tena, kidogo tena. Ukawa mstari mmoja mwekundu uliokaa mshazari, kama njia ya kupandia mlima. Na nguo zingine zote zinaufuata pembeni, bibi huku, babu kule.

Mama mdogo akarudi nyuma alione lote. Hata bibi, ambaye hukosoa kila jambo, akainama alitazame.

Zuhura akapiga magoti, akaweka kidole mwanzo wa ule mstari, akapanda nao hadi juu. Akarudi. Akapanda tena.

"Nani amepanga hivi?"

"Hakuna," nikasema. "Wallahi hakuna."

Sasa blanketi likipasuliwa, ukingo wa chini unakuwa na pembe imetokeza, kwa sababu ya kule kuzunguka. Lazima uikate ili linyooke. Bibi akaikata, ikatoka pembe ndefu nyembamba kama jani. Alikuwa anaitupa kwenye mabaki.

Zuhura akaidaka. Ilikuwa ule mwanzo wa mkanda. Lile jina la khanga lilikuwa pale, limepona karibu lote.

Akalisoma kimoyomoyo, akaangua kicheko. Kile cha kweli sasa. "Mama jamani, na huyo jirani!"

Kisha akanipa. "Doti ni mbili. Moja yako, moja yangu. Sasa nimekubali."

Siku zilizobaki tuliweka blanketi la babu katikati, shuka chini, tukapitisha mishono ya kulishikiza, Zuhura naye akashona pindo. Bibi alikosoa mishono yake pia, kwa hiyo haki ilitendeka.

Jumapili nikamsindikiza Kibaha kupanda basi. Kakataa lisiende kwenye buti. Kapanda nalo, kalikumbatia, na jua lile.

Ile pembe yangu nimeishonea ndani ya koti ninalovaa kazini, kifuani, pale ambapo watu huweka lebo. Fundi Shabani ameiona. Ameniuliza tu kama ndiyo kampuni yangu mpya. Nikamwambia ndiyo.

Juzi Zuhura akanitumia meseji, nainakili kama ilivyo:

"Baridi ya huku ni adui. Mwambie bibi nalala vizuri. Jana alikuja mama kujifungua hana khanga, nimempa yangu moja. Siyo hii. Hii imebaki kitandani."

Nilimsomea bibi kwenye simu. Akasema, "Huyo sasa amekua." Akakata. Bibi hukata simu akiwa hataki usikie kinachofuata.

Nilichojifunza mimi na elimu yangu hii ndogo ni kwamba nilikuwa naitunza khanga ya mama kwa kuificha sandukuni, na pale sandukuni ilikuwa haimpi mtu joto lolote. Na nimejifunza niulize. Kuna vitu navilalia kila siku, wanaojua jinsi vinavyozaliwa wapo hai, na mimi nipo YouTube.

Sasa naomba wenye hesabu zao humu. Ule mstari ulitokeaje? Nimejaribu kuchora kwenye karatasi, naona kama ni kwa sababu zamu yangu ilikuwa ndefu kidogo kuliko raundi moja ya bomba, hivyo kila mzunguko mama anasogea mbele. Au nakosea? Nielewesheni taratibu, nataka kushona lingine na safari hii niujue nikiwa naanza.

Na wewe, nguo gani ya mtu wako imelala sandukuni? Niambie, nasoma zote.

Anayetaka kuuliza jina la khanga asipoteze bando. Hilo lipo kifuani kwangu.