Siku Niliyobadilisha Maji ya Samaki wa Papa

Papa, baba yangu, alifanya kazi miaka mingi kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, akishusha mizigo. Rubani mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia samaki wawili wekundu ndani ya chombo kikubwa cha kioo. Mmoja alikufa mwaka uleule. Wa pili amekaa nasi miaka kumi na sita, hata wekundu wake umefifia kama ganda la chungwa lililokauka.

Papa alipopata kiharusi, mkono wa kuume ulilala na maneno yakabaki machache. Tangu hapo, kila asubuhi huketi mbele ya kile kioo. Mimi nikikaribia, samaki hujificha nyuma ya jiwe. Akikaribia papa, hupanda juu akifungua mdomo, akala chembe za mkate kwenye vidole vyake. Nakiri nilimwonea wivu yule samaki.

Jumamosi moja, papa akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, niliona maji yamechafuka. Yeye alizoea kuyaacha maji ya bomba siku mbili ndani ya ndoo kabla ya kuyatumia. Mimi nilikuwa na haraka. Niliyatia moja kwa moja kutoka robine, lile bomba la nyumbani, ingawa yalinuka javeli, dawa ya kuua vijidudu.

Haikupita robo saa, samaki akaanza kuhema juu ya maji, kisha akalala ubavu, jicho moja likitazama dari. Sikuogopa kifo cha samaki tu. Niliogopa kwamba papa akimkuta hivyo, kile kidogo kilichobaki ndani yake kitazimika, na mimi ndiye nitakuwa nimekizima.

Nikasikia fimbo yake kwenye sementi. Nilisimama mbele ya kioo nikijaribu kukiziba kwa mwili wangu.

“Iko nalala tu, papa,” nilisema.

“Toka.”

Alimwona. Akainama, akanusa maji, akanitazama usoni. Nilingoja aanguke.

“Nimekosea, papa. Nilitia maji ya robine.”

Alinyoosha fimbo kuelekea uani, kwenye pipa la maji ya mvua. “Ile.”

Nilikimbia na ndoo. Tulitoa maji mabaya karibu yote, tukatia ya mvua kidogokidogo. Kisha papa akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akachota ndani ya kioo, akainua hadi kidevuni na kuyamimina tena, ili hewa iingie. Mkono ulipomchoka, akanipa kikombe.

“Juu,” alisema. “Tena.”

Tulipokezana alasiri nzima. Nguo zilinilowa na sikudiriki kumtazama papa.

“Papa, amekufa,” nilisema wakati mmoja.

“Bado.”

Jua lilipoanza kushuka, samaki alipiga mkia, akajigeuza, akaanguka ubavu, akajigeuza tena. Hapo ndipo nilipolia. Papa hakulia. Aliketi tu, mkono umetumbukia majini hadi kwenye kifundo.

Samaki aliishi, ila ncha ya mkia wake ilichanika na haikuota tena. Papa hakunigombeza. Kwa majuma mengi hakuniruhusu kugusa yale maji. Sasa naruhusiwa kuleta ndoo, naye huinusa kwanza. Nami hadi leo, nikiamka, nasimama kwanza mlangoni pa sebule, nikitazama kama kuna kitu kinachotembea ndani ya kioo.